Je, wajua? Kisima cha pwani ukizidi kukichimba ndo unazidi kuifata chumvi

Hili swali la maji matamu pembeni ya bahari mie nilikuwa na jibu lake tokea niko skuli, na nilikuwa nalitoa kwa kujiamini kabisa, tena mbele za watu. Ukiniuliza imekuaje Jambiani, kijiji cha pwani ya mashariki ya Unguja, hatua chache tu kutoka baharini, mtu anachimba shimo anapata maji ya kunywa, nakwambia rahisi tu, bahari inapita kwenye mchanga na mawe, mchanga unaichuja, chumvi inabaki kule, maji matamu yanakuja huku. Na kwa hesabu hiyo kisima kikianza kuwa na chumvi dawa yake ni kwenda chini zaidi, maana kadiri maji yanavopita mawe mengi ndo yanavozidi kuchujika. Ami yangu akanisikiliza (kosa lake hilo), akaongeza kisima chake pima mbili, na maji yakatoka mengi kweli ila chai yake hainyweki.

Nianze na hiyo habari ya kuchuja maana ndo uongo mkubwa na nimeusikia kwa watu wazima wengi tu. Koroga sukari kwenye chai halafu ichuje. Majani yanabaki kwenye kichujio, sukari inapita zake. Chuja tena kwa kitambaa, chuja kwa mchanga, chuja mpaka adhana ya alasiri, chai ni ile ile ya sukari. Chumvi ya bahari nayo imeyeyuka hivohivo, kwahiyo mchanga unakamata matope, unakamata na vijidudu kiasi, lakini chumvi hauna habari nayo. Ingekuwa mchanga unachuja chumvi basi dunia nzima pasingekuwa na kisiwa chenye shida ya maji na wenye mahoteli wasingetia pesa kwenye ile mitambo ya kuondoa chumvi, ambayo inabidi iyasukume maji kwa pampu za nguvu kweli kweli kwenye utando maalum ndo yatoke matamu. Na jengine, kama kisima kinalishwa na bahari, mbona maji yake yanakuwa mazuri baada ya masika na yanaharibika kiangazi kikikaza? Bahari haina masika. Hilo peke yake lingenitosha, ila mie sikuwa natafuta jibu, nilikuwa nalo tayari.

Maji ya kisima ni mvua, basi. Unguja inapata kama milimita 1,600 kwa mwaka, nyingi yake kwenye masika (Machi mpaka Mei) na vuli (Oktoba mpaka Disemba). Upande wa magharibi na katikati kuna udongo wa kina, ule tunaouita kinongo na kichanga, kuna na chemchem, ndo huko Sultan Barghash (alitawala 1870 mpaka 1888) alikovuta maji ya mabomba kupeleka Mji Mkongwe. Ukija mashariki na kusini, Paje, Jambiani, Makunduchi, ni maweni, yaani jiwe la matumbawe ya zamani lililojaa matundu na udongo wake kiganja tu, mvua ikinyesha huoni mto wala kijito, inazama yote inayoweza kuzama. Ikifika chini inakuta maji ya bahari yameshajaa kwenye hayo hayo matundu ya jiwe, na hapo ndo panaponivutia.

Maana haichanganyiki nayo ikapotea. Inaelea juu yake. Lita moja ya maji ya mvua ina uzito wa gramu 1,000, ya bahari kama 1,025, tofauti ndogo mno huwezi kuisikia mkononi, lakini chukua mzani: nguzo ya maji ya bahari yenye urefu wa mita 40 inalingana uzito sawasawa na nguzo ya maji matamu yenye mita 41. Piga mwenyewe, 40 mara 1,025 na 41 mara 1,000, zote zinatoka 41,000. Kwahiyo maji matamu ndani ya jiwe yakisimama mita moja juu ya usawa wa bahari, chini yake yamezama mita 40. Hesabu hii waliifikia watu wawili kila mmoja kivyake, Badon Ghijben wa Uholanzi mwishoni mwa miaka ya 1880 na Mjerumani Herzberg mwaka 1901, huyu wa pili akishughulika na visima vya kisiwa cha Norderney, ambacho nacho kimezungukwa na chumvi kama sie.

Fikiria jahazi. Kinachoonekana juu ya maji ni kidogo, mzigo ukizidi ndo linazidi kuzama. Sasa lipakue. Linanyanyuka, sio ubavu wa juu tu, na mkuku wake kule chini unanyanyuka nao. Maji matamu ni jahazi hilo na kila ndoo unayoteka ni gunia linaloshushwa, tofauti ni kwamba huku hesabu yake kali zaidi: ukishusha usawa wa juu mita moja, chini chumvi inapanda kuelekea mita 40. Unaona kisima bado kina maji, umepungukiwa na kidogo tu, kumbe kule usikokuona ndo kumeenda.

Kwa umbo sio jahazi tena, ni kama andazi kwenye mafuta, nene katikati ya kisiwa, jembamba pembeni. Jambiani uko kwenye ncha ya andazi. Tuseme hapo maji matamu yamesimama sentimita 10 tu juu ya usawa wa bahari, basi chini una mita 4 za kuchezea. Pima mbili za ami ni zaidi ya mita tatu na nusu. Sikwenda kupima ila sioni nini kingine kilichomkuta.

Namba 40 lakini msiishike kama msahafu. Ni ya kwenye karatasi, ambako maji yametulia na jiwe ni la aina moja. Maweni yetu yana mapango na nyufa, bahari inapwa na kujaa kila siku, na kati ya matamu na chumvi hakuna mstari, kuna ukanda mzima wa maji ya vuguvugu la ladha, sio haya sio yale. Na chumvi haipandi siku hiyohiyo, inachukua muda, ndo maana mtu anapiga pampu mwaka mzima anadhani mambo safi.

Pampu yenyewe ina yake. Kikombe cha kahawa ya barazani, kile chenye machicha chini, ukinywa kwa juu taratibu unamaliza salama, tia mrija ufyonze kwa nguvu uone. Ndoo inateka kwa juu, inapumzika, pampu inavuta sehemu moja bila kupumzika na chumvi ya chini inajikusanya kama kichuguu kuufata mdomo wa bomba. Na haihitaji nyingi, robo lita ya maji ya bahari kwenye ndoo ya lita 20 ulimi unaanza kuijua.

Kuna utafiti uliochapishwa 2001 kuhusu pwani ya mashariki ya Unguja, ukakuta mgeni mmoja anatumia wastani wa lita 685 kwa siku, ndoo 34 hizo. Namba ya zamani, na mie nilidhani ni kuoga na mabwawa. Kwa upande wa mahoteli kilichokunywa zaidi ni bustani, maana maweni hayashiki maji, unamwagilia asubuhi jioni pakavu. Ukianza kumwagilia kwa maji yenye chumvi kidogo ndo balaa jengine, maji yanapanda na jua, chumvi inabaki kwenye ule udongo kiganja mpaka masika yaje kuuosha.

Kilichonichekesha mwisho ni visima vya karibu na pwani kupanda na kushuka na bahari, bamvua (maji makubwa) likijaa na kisima kinajaa, na mie hiyo ndo ilikuwa ushahidi wangu mkubwa kuwa bahari inaingia. Kumbe haiingii, inasukuma tu kwa chini, jahazi linanyanyuliwa na maji kujaa pamoja na mzigo wake, na unachoteka ni mvua ile ile.

Ami ameshakijaza kisima mawe na saruji mpaka pale kilipokuwa mwanzo. Masika haya ya pili yamepita, cha kuoshea vyombo kinafaa. Maji ya chai bado anamtuma mtoto mferejini (bombani), na akinituma mie anataja na sababu.