Maziwa hayaoshi mionzi

Kazi yangu ni kupiga picha za eksirei. Mama anayeniuzia maziwa sokoni Mwanga, hapa Kigoma, hunijazia kikombe hadi pomoni. "Kunywa mwanangu, yakuoshe hiyo mionzi." Huruma yake naipokea, na maziwa nayanywa. Lakini eksirei haikai mwilini. Hupita kufumba na kufumbua, na ikidhuru hudhuru palepale, kwa kuharibu vinasaba ndani ya seli. Seli nyingi hujitengeneza. Chache hukosea, na kosa hilo laweza kuzaa saratani baada ya miaka mingi. Maziwa hayafiki huko.

Wapo wanaokiogopa chumba chenyewe cha eksirei hata mashine ikiwa imezimwa. Mashine ikizimwa, mionzi imekwisha, kama mwanga wa taa. Na ultrasaundi haina mionzi ya namna hii kabisa.

Dhana inayoniuma zaidi iko kwetu wenyewe tunaoifanya kazi hii: kwamba beji, kile kifaa kidogo cha kupima mionzi tunachovaa kifuani, ni kinga. Beji haizuii chochote, inapima tu. Nimeona beji zimelala kwenye droo miezi mitatu, na nyingine imetundikwa ndani ya chumba cha picha, ikipokea mionzi ambayo mwenyewe hakuipata. Zikisomwa na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, majibu yanakuwa ya droo na ya ukuta. Wewe mfanyakazi hujulikani umepokea kiasi gani. Kikomo cha kimataifa kwa mfanyakazi ni wastani wa milisiveti (kipimo cha mionzi anayopokea mtu) 20 kwa mwaka katika miaka 5, bila kuvuka 50 katika mwaka wowote. Utajuaje umekikaribia kama beji haikukaa kifuani?

Nasikia pia kuwa mashine za siku hizi hazina madhara, kwa hiyo aproni ya risasi, yaani ya madini mazito yanayozuia mionzi, ni mzigo wa bure. Hapana. Utafiti uliotolewa mwaka 2023 kwa wafanyakazi zaidi ya 300,000 wa nyuklia Ufaransa, Uingereza na Marekani ulionyesha hatari ya kufa kwa saratani ikipanda kadiri dozi ya mionzi inavyoongezeka, hata kwenye dozi ndogo. Hatari yenyewe si kubwa: watu 1,000 wakipokea milisiveti 100 kila mmoja, makadirio ni vifo 4 au 5 vya ziada vya saratani katika maisha yao yote. Ukipiga picha ukiwa nyuma ya ukuta, huwezi kufika huko kirahisi. Wenzetu wanaosimama teata, yaani chumba cha upasuaji, karibu na mgonjwa mashine ikipiga picha ndio wa kuangaliwa sana, maana mionzi hutawanyika kutoka mwilini mwake. Ukiongeza umbali mara mbili, inapungua hadi robo.

Dada mmoja kazini alipopata ujauzito aliambiwa aache kazi. Halikuwa lazima. Mjamzito atoe taarifa mapema, apangiwe kazi ambayo mtoto tumboni hatavuka milisiveti 1 hadi azaliwe, na asimshike mgonjwa wakati wa picha. Mtoto mgonjwa anayehangaika wakati wa picha ashikwe na ndugu yake asiye mjamzito, aliyevaa aproni.