Matumizi na Uzalishaji Wenye Uwajibikaji: Maana Yake Katika Kopo la Mkaa

Matumizi na uzalishaji wenye uwajibikaji ni utaratibu wa kutengeneza, kusafirisha, kutumia na kutupa vitu kwa namna inayokidhi mahitaji ya watu wa leo, huku kila hatua ikipunguza maliasili inayotumika, sumu inayoachwa na taka zinazobaki, ili wale ambao hawajazaliwa nao wakute ardhi, maji na hewa ya kuishi. Maana hii iko karibu na ile iliyotolewa katika mkutano wa Oslo mwaka 1994. Umoja wa Mataifa uliichukua dhana hiyo mwaka 2015, ulipopitisha malengo 17 ya maendeleo endelevu ya kufikiwa ifikapo mwaka 2030, na kuipa nafasi ya lengo la 12.

Maneno yenyewe yanafaa kutazamwa kwa makini. Kuzalisha kumetokana na kuzaa, na mkunga pia huzalisha; kwa hiyo ndani ya neno hilo mna ukumbusho kwamba kila bidhaa ina mzazi, uwe ni msitu, mto, mgodi au udongo. Kuwajibika kumetokana na wajibu, na wajibu wa mtu haupaswi kuzidi uwezo alio nao. Kwa upande wa matumizi, maandishi mengi ya Tanzania hutumia pia neno ulaji, na mnunuzi wa mwisho huitwa mlaji. Lakini kwa maoni yangu uzito wa dhana hii umo katika kiungo kidogo ambacho wasomaji hukipita haraka, yaani ile "na" iliyo kati ya matumizi na uzalishaji. Kinachozungumzwa ni mnyororo mmoja, na anayeshughulikia upande mmoja peke yake hajaigusa dhana.

Mkaa unalionyesha jambo hili vizuri kuliko mifano mingi inayotolewa. Kopo la mkaa linalouzwa gengeni Dar es Salaam lilianza kama mti wa miombo, ukakatwa, ukapangwa, ukafunikwa kwa majani na udongo, kisha ukachomwa kwa hewa kidogo ili usiteketee ukawa majivu. Katika tanuri la kienyeji lililopangwa ovyo, au lililojazwa magogo mabichi, kilo 10 za kuni hutoa kilo 1 au 2 tu za mkaa. Mchomaji aliyekausha magogo yake, akayapanga kwa kubanana na kuweka bomba la kutolea moshi ili aongoze hewa, hupata mkaa zaidi kutoka katika mti uleule. Sehemu kubwa ya upotevu, basi, hutokea porini, kabla gunia halijapanda gari, na mlaji wa mjini hana namna ya kuiona wala kuizuia.

Upotevu wa pili uko jikoni. Jiko la bati tupu hutawanya joto pembeni, ilhali jiko lenye kikombe cha udongo ndani, kama lile lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980, hulihifadhi joto na kuokoa sehemu kubwa ya mkaa. Kuloweka maharage usiku kucha, kufunika sufuria na kuzima makaa yaliyobaki ili yatumike kesho ni mambo ambayo mama zetu waliyafanya bila kuyapa jina la kitaalamu, na yote yamo ndani ya dhana hii kikamilifu. Hata hivyo nasisitiza kwamba hayatoshi, kwa sababu jiko bora haliwezi kurudisha kuni zilizokwisha kugeuka majivu katika tanuri baya.

Vivyo hivyo, kumzuia mzalishaji bila kumfikiria mlaji hakufui dafu. Mwaka 2018 serikali ya Kenya ilisimamisha uvunaji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii. Nia ilikuwa kuokoa vyanzo vya maji, na nia hiyo ilikuwa njema, lakini mahitaji ya jikoni hayakusimamishwa pamoja nayo, na bei ya mkaa mjini ikapanda. Anayeumia kwanza katika hali kama hiyo ni yule anayenunua kwa kopo. Yeye hanunui hivyo kwa kutojua, maana akijumlisha makopo ya mwezi mzima huenda akaona kwamba gesi ingemtoka kwa bei nafuu. Tatizo lake ni kwamba gesi inadai fedha kwa mkupuo, naye kipato chake huja siku kwa siku. Kumwambia mtu huyo "tumia kwa uwajibikaji" bila kumpunguzia gharama ya kuanzia ni kumtwika wajibu ulio mikononi mwa watunga sera na wafanyabiashara.

Mkakati wa nishati safi ya kupikia ambao Tanzania iliuzindua mwaka 2024, wenye lengo la kuona asilimia 80 ya Watanzania wakitumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034, unagusa kero hiyo. Gesi ya mitungi nayo haikosi deni, kwa kuwa hutokana na mafuta ghafi na gesi asilia vinavyochimbwa ardhini. Lakini Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majumbani ulihusika na vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, na mtu anayepima kwa haki hawezi kuliacha jambo hilo nje ya mizani. Upo pia mkaa mbadala, unaofinyangwa kwa vifuu vya nazi, pumba au vumbi la mkaa lililokuwa likitupwa, na hapo taka ya mmoja hugeuka kuwa malighafi ya mwingine.

Mahali ambapo pande zote mbili zilijaribiwa kuunganishwa tangu porini ni wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro. Kuanzia mwaka 2012 mashirika ya TFCG (la uhifadhi wa misitu), MJUMITA (mtandao wa jamii zinazosimamia misitu) na TaTEDO (la nishati endelevu), kwa ufadhili wa Uswisi, yalisaidia vijiji kutenga sehemu ya misitu yao kwa ajili ya mkaa na kuacha sehemu kubwa bila kuguswa. Eneo lililotengwa hugawanywa katika viwanja vya mita 50 kwa 50, na kinachokatwa ni kiwanja kimoja huku cha jirani kikiachwa, mithili ya ubao wa drafti. Visiki huachwa ardhini, kwa sababu miti mingi ya miombo huchipua upya kutoka kisikini ikiwa haikuchomwa wala kugeuzwa shamba. Na ni kilimo, zaidi ya mkaa, kinachoondoa misitu mingi moja kwa moja. Ushuru wa uvunaji huingia kijijini, ambako umelipia doria za msitu na huduma kama madarasa na zahanati, kwa hiyo mwanakijiji ana sababu ya kuutaka msitu ubaki msitu.

Mzunguko uliopangwa ni wa miaka 24. Viwanja vilivyokatwa mwanzoni havitarudiwa, kwa mpango huo, kabla ya katikati ya miaka ya 2030, wakati ambapo mwaka wa mwisho wa lengo la 12 utakuwa umeshapita, na watoto waliokuwa darasa la kwanza mradi ulipoanza watakuwa watu wazima wanaoketi katika mkutano mkuu wa kijiji, wakiamua wao wenyewe ni kiwanja kipi kikatwe na kipi kiachwe.