Wiki ya Kawaida ni Ipi: ya Bamvua au ya Maji Mafu?

Mtafiti kafika Kiuyu, kaskazini mwa Pemba, dodoso la shughuli za mwili mkononi. Anamuuliza mama anayelima mwani: "Katika wiki ya kawaida, siku ngapi unafanya kazi ya kukutoa jasho?" Mama anamtazama. "Mwanangu, wiki ipi hiyo? Ya bamvua au ya maji mafu?"

Swali la mama lina uzito kuliko la mtafiti. Mwezi ukiandama au ukipevuka, bahari hupwa hadi mbali, naye huwa majini kila siku: kainama, anafunga miche kwenye kamba, anaburura magunia ya mwani mbichi mpaka pwani. Maji mafu yakiingia, shamba halifikiki. Atakaa kivulini kutengeneza kamba, au atapanda kondeni. Ukimuuliza leo ukamrudia baada ya siku saba, majibu yatapishana, na hakuna aliyesema uongo.

Sisi wa takwimu za afya huita hilo uthabiti wa majibu: mtu yule yule akiulizwa tena, atajibu vile vile? Usahihi ni jambo jingine. Pishi iliyobonyea kitako, ukipimia karafuu mara kumi, itakupa hesabu moja mara kumi, na kila mara kuna aliyepunjwa.

Mwaka 2003 yalichapishwa matokeo ya IPAQ, dodoso la kimataifa la shughuli za mwili, kutoka nchi 12. Watu walipoulizwa tena, majibu yalilingana kwa kiasi cha 0.8, ambapo 1 ni kulingana kabisa. Yalipowekwa kando ya kifaa cha kiunoni kinachorekodi mwendo, yalishuka hadi 0.3 hivi. Kifaa nacho si kadhi: hakijui kama una gunia kichwani, na mara nyingi huvuliwa mtu akiingia majini. Kwa mkulima wa mwani, ndiyo kusema kinavuliwa kazi inapoanza!

Dodoso la Shirika la Afya Duniani (WHO), liitwalo GPAQ, lina maswali 16 juu ya kazi, safari za miguu na baiskeli, mapumziko, na muda wa kukaa. Dakika ya kazi ya wastani hupewa alama 4, ya kazi nzito 8, na kiwango cha chini kinachotakiwa kwa wiki ni alama 600. Sasa piga hesabu: ukitaja saa moja tu zaidi ya uliyofanya kwa siku, siku 5, kwa kazi ya wastani, umejiongezea alama 1,200. Kosa hilo peke yake linakuvusha mara mbili.

Na saa za kazi ni rahisi kuzidisha, maana tunahesabu tangu kutoka nyumbani hadi kurudi, soga na kungoja maji ndani yake. Mpira wa jioni una saa yake na uwanja wake, kwa hiyo hukumbukwa vizuri zaidi. Kisha kuna anayesema "sifanyi kazi, nipo nyumbani tu", na tangu alfajiri keshateka maji, kachanja kuni, katwanga. Hiyo kwenye dodoso ni kazi.

Ukiulizwa, hesabu kwa sala: baina ya alfajiri na adhuhuri nilifanya nini, nilipumzika wapi? Toa muda wa kukaa. Kama ni Ramadhani au msimu wa karafuu, sema. Na akikung'ang'aniza wiki ya kawaida, mpe zote mbili, aandike pembeni.