Nguo "rejeshi" sio nguo endelevu iliyotiwa chumvi

Kuna tabia imeingia kwenye lebo za nguo na midomoni mwa watu wa fasheni, kwamba "endelevu" imeshazoeleka, haiuzi tena, basi tuhamie "rejeshi", kama vile ni kitu kilekile ila cha daraja la juu. T-shati ya polyesta iliyotoka kwenye chupa za plastiki, rejeshi. Begi la nailoni ya nyavu za uvuvi zilizotupwa, rejeshi. Toleo zima la nguo za msimu mmoja, eti nalo rejeshi. Jamani hapana.

Maana yenyewe ni fupi. Endelevu ni pale unapotumia kitu kwa kiwango ambacho hakikimalizi, na madhara yako hayazidi kile ambacho mazingira na watu wanaweza kuhimili. Rejeshi (kwa Kiingereza "regenerative") ni pale ambapo kazi yenyewe ya kutengeneza nguo inaacha udongo, maji, viumbe na watu wa mahali fulani katika hali nzuri kuliko ilivyowakuta. Ubunifu rejeshi ni kuipanga nguo, kuanzia uzi mpaka inapochakaa, ili hilo litokee. Basi, maana imeisha, shida iko kwenye tofauti.

Ukitaka kuona kwa nini haya mawili hayako kwenye ngazi moja, angalia yalikotoka. Wazo la uendelevu lilianzia msituni, kweli kabisa msituni. Mwaka 1713 kule Saxony, Ujerumani ya leo, Hans Carl von Carlowitz, ofisa aliyesimamia mambo ya migodi, aliona miti ya kuyeyushia madini na kushikilia mashimo inakwisha, akaandika kwamba ukataji uendane na kasi ya msitu kukua. Ni hesabu ya kinachotoka na kinachoingia. Mwaka 1987 tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland wa Norway ikalipatia wazo hilo sura tunayoijua wote, kukidhi mahitaji ya leo bila kuwanyima wa kesho uwezo wa kukidhi ya kwao. Swali bado ni la kiasi, usichukue kupita mpaka. Ni swali zuri na gumu, sio la kudharau hata kidogo, na kampuni nyingi za nguo hazijalijibu mpaka leo kwa sababu zinapunguza maji kidogo kwenye kila suruali halafu zinashona suruali nyingi zaidi kila mwaka.

Rejeshi ilitoka shambani. Robert Rodale wa Pennsylvania, Marekani, ambaye familia yake ilikuwa imepigia debe kilimo hai kwa miaka mingi, kwenye miaka ya 1980 akawa anasema kuacha kemikali peke yake hakutoshi, udongo unatakiwa uzidi kuwa mzuri kadiri unavyoulima. Kule Pomona, California, John Lyle, mbunifu wa mandhari na mwalimu wa chuo kikuu, akawa anafanyia kazi wazo hilo kwa upande wa maji, nishati na makazi, na mwaka 1994 akalitolea kitabu. Fasheni imekuja mwishoni kabisa, na imeingilia mlango wa pamba na sufu kwa sababu hizo zinalimwa na kufugwa, nyuma yake kuna ardhi. Ndo maana mtu akiniambia nguo fulani ni rejeshi swali langu la kwanza ni wapi, yaani ni ardhi gani hiyo imerejea, na asipokuwa na jibu tunakuwa tunaongea kuhusu kitu kingine.

Chukua mfano wa Bahari ya Aral, ambayo hasa ni ziwa la Asia ya Kati. Kuanzia miaka ya 1960 Umoja wa Kisovyeti ulichepusha maji ya mito Amu Darya na Syr Darya kumwagilia mashamba, pamba ikiwa ndo zao kubwa, na ziwa lile lililokuwa la nne kwa ukubwa duniani likakauka sehemu kubwa, chini pakabaki chumvi na vumbi lenye mabaki ya dawa za mashambani. Sasa tuseme leo mkulima wa bonde lile anatumia nusu ya maji aliyokuwa anatumia baba yake. Safi sana, huo ni uendelevu na umemtoa jasho. Ila kama maji aliyookoa yanaishia kumwagilia ekari nyingine mbele kidogo, ziwa halioni hata tone, na hata ardhi yake yenye chumvi bado ni ileile yenye chumvi. Kuacha kumpiga mtu sio kumtibu.

Halafu hapohapo kuna kitu cha tatu ambacho watu wanakibeba kwenye kapu hilohilo. Upande wa kaskazini, Kazakhstan ilijenga tuta la Kok-Aral kwa mkopo wa Benki ya Dunia, likakamilika 2005, maji yakapanda, chumvi ikapungua, samaki wakarudi na wavuvi wakarudi kazini. Habari njema kabisa, lakini hata hiyo siiti ubunifu rejeshi wa nguo, maana ni mradi uliojengwa pembeni kurekebisha kilichoharibika, pamba yenyewe haikufanya chochote. Huo ni ukarabati. Ingekuwa rejeshi kama kule kulima pamba ndiko kungekuwa kunaurudishia udongo nguvu na kuuachia mto maji yake, kazi ileile inayokupa uzi ndo iwe inaponya. Kampuni inayouza nguo za kawaida halafu inapanda miti mahali pengine iko upande huu wa ukarabati, tena mara nyingi hata sio ukarabati wa pale ilipoharibu.

Turudi kwa polyesta maana ndo inayoongoza kwa kuitwa jina lisilo lake. Ilivumbuliwa Uingereza mwaka 1941 na wanakemia Whinfield na Dickson, na mpaka leo kwa sehemu kubwa mali ghafi yake ni mafuta ya petroli. Kugeuza chupa kuwa uzi kunapunguza mafuta mapya, sawa, ila ile chupa ingeweza kuwa chupa tena, na sasa imekuwa T-shati ambayo ni nadra sana kuwa T-shati tena. Mwaka 2017 taasisi ya Ellen MacArthur Foundation ilikadiria kwamba chini ya asilimia 1 ya malighafi ya nguo ndo inachakatwa kuwa nguo mpya, na hapo bado hujaweka ile spandeksi kidogo waliyochanganya ili suruali ivutike, ambayo inawapa tabu sana wachakataji. Na kila ukiifua polyesta, iwe mpya iwe ya chupa, inaachia vinyuzi vya plastiki kwenye maji. Kwa hiyo huo ni urejelezaji, malighafi imerudi kiwandani, ina faida yake na ina jina lake. Hakuna shamba wala mto ulioamka kwa ajili yake.

(Viskosi nayo inachanganya watu kwa sababu wataalamu wa nguo wanaiweka kwenye kundi la nyuzi zilizoundwa upya, kwa Kiingereza "regenerated", neno linalofanana na "regenerative". Hapo ni kemia tu, rojo la mbao linayeyushwa kwa kemikali, ikiwemo kaboni disulfidi ambayo ni sumu kwa mishipa ya fahamu ya wanaoishughulikia, halafu linagandishwa kuwa uzi. Msitu ulikotoka mti unaweza kuwa umetunzwa au umefyekwa, hilo jina halikwambii.)

Kuna pia wanaodhani pamba hai ndo rejeshi. Ziko karibu, ila cheti cha kilimo hai kwa kiasi kikubwa kinaangalia kile ambacho hukutumia, mbolea za viwandani, dawa, mbegu zilizobadilishwa vinasaba. Unaweza ukatimiza hayo yote huku unalima kwa kugeuzageuza udongo na kuuacha uchi msimu mzima. Rejeshi inauliza udongo umebadilikaje, una mboji kiasi gani kuliko ulipoanza, mvua ikinyesha maji yanazama au yanakimbia nao. Ndo maana cheti cha Regenerative Organic Certified, ambacho taasisi ya Rodale ni mmoja wa waanzilishi wake, kinataka uwe na kilimo hai kwanza halafu ndo uanze kuulizwa habari za udongo, mifugo na wafanyakazi.

Na hapa ndo neno ubunifu linapata kazi, kwa sababu shamba la namna hii halitoi pamba kila mwaka kwenye eneo lilelile. Linazungusha mazao, mwaka huu pamba, baadaye jamii ya kunde, katikati mazao ya kufunika udongo, pengine na kondoo wanapita kula mabaki na kuacha mbolea. Sasa mbunifu aliyezoea kuagiza tani kadhaa za kitambaa kinachofanana kila msimu, kwa bei ya chini iwezekanavyo, atafanyaje kazi na shamba kama hilo? Anatakiwa abadili mpangilio mzima, aingie mkataba wa miaka kadhaa ili mkulima asibebe peke yake hasara ya mavuno kushuka, akubali kwamba mwaka mwingine kitambaa kitakuwa kichache, na aichore nguo kutokana na kile ardhi imetoa badala ya kuichora kwanza halafu kwenda kutafuta wa kumlimia. Udongo unajengeka polepole, ni miaka, kwa hiyo toleo la msimu mmoja kuitwa rejeshi haliwezekani hata kwa hesabu tu.

Mfano ninaoupenda ni nili, ile rangi ya bluu. Mmea wake, Indigofera, ni wa jamii ya kunde, mizizi yake inashirikiana na bakteria kuvuta naitrojeni ya hewani, na majani yakishatolewa rangi mabaki yake yanarudi shambani kama mbolea. Rangi unaipata na udongo unapata kitu, kwenye kazi moja. Tangu BASF, kampuni ya kemikali ya Ujerumani, ianze kuuza nili ya kiwandani mwaka 1897 mmea huo ulisukumwa pembeni, na bluu ya jinzi nyingi za leo inatoka kiwandani. Kiwanda hicho kinaweza kusafisha maji yake yote ya taka kabla hayajatoka na kikawa endelevu kweli, wala sina neno nacho.

Kwa hiyo ndugu unayeuza T-shati za chupa, hatugombani, bidhaa yako ina nafasi yake, andika tu "polyesta iliyochakatwa" na mteja ataelewa. Kama kweli una shamba nyuma ya hiyo nguo, andika liko wapi, udongo ulikuwaje mwaka mlioanza na sasa ukoje. Umoja wa Ulaya umeshapitisha sheria inayokataza madai ya jumlajumla ya mazingira yasiyo na ushahidi, inaanza kutumika tarehe 27 Septemba 2026, na kama unauza huko hizo taarifa za udongo ni vizuri uanze kuzikusanya sasa hivi.