Supu ya pweza haizai seli shina

Ami yangu wa Wete alipogundulika ana maieloma, saratani ya damu inayokula mifupa, barazani kila mtu aligeuka daktari. Hata kabla hajapanda boti kwenda Dar es Salaam kuvunwa seli shina zake, zile zinazozaa chembe za damu, ili arudishiwe baada ya dawa kali za saratani, majibu yalikuwa tayari.

"Watamtoboa uti wa mgongo." Hapana. Siku hizi huvunwa kwenye damu. Mgonjwa huchomwa sindano za filgrastimu, dawa ya kuusisimua uloto (uboho wa ndani ya mifupa), siku 4 au 5, seli shina zikatoka humo na kuingia kwenye mishipa. Kisha mashine huizungusha damu masaa kadhaa, ikachuja seli na kumrudishia iliyobaki. Ami midomo ilimfa ganzi. Dawa ya kuzuia damu isigande ndani ya mashine hushusha kalsiamu. Akapewa kalsiamu, ikapita.

"Chembe nyeupe zikipanda, mavuno yapo." Hii ndiyo iliyotuponza sisi. Asubuhi ya siku ya 5 karatasi ya maabara ilionesha chembe nyeupe zimepaa, shangazi akapiga simu Pemba kutoa bishara njema. Kumbe filgrastimu hupandisha chembe nyeupe kwa jumla, na seli shina ni chache mno ndani yake. Kinachotabiri mavuno ni hesabu ya seli zenye alama ya CD34, ile inayotambulisha seli shina, asubuhi ile ile. Zikifika 20 katika maikrolita moja, aghalabu mfuko utajaa. Zikiwa chini ya 10, wataalamu huanza kuingia wasiwasi. Ami alikuwa na 8. Na kinachotakiwa mwishoni ni angalau seli milioni 2 kwa kila kilo ya uzito wa mgonjwa. Wengi hutaka 4 au 5.

"Mzee yule, hazitoki." Umri una lake, sikatai. Lakini daktari hakuanza na umri. Aliuliza: ametumia lenalidomaidi, dawa ya maieloma, miezi mingapi? Amewahi kupigwa mionzi ya nyonga? Chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zilikuwa ngapi kabla ya kuanza sindano? Dawa ile na mionzi huudhoofisha uloto, ndiyo maana wengi hupenda kuvuna mapema.

Supu ya pweza, bitiruti, maini: chakula kizuri, na shangazi alivuka bahari na chupa ya chai iliyojaa supu. Haiongezi seli shina. Mimi kinachoniudhi ni pale mgonjwa anapolaumiwa kwamba "hakula".

"Zikikosekana siku ya kwanza, basi." Si basi. Ipo pleriksafo, dawa ghali kwelikweli, inayofungua kishikizo kinachozifunga seli ndani ya uloto. Hutolewa kama masaa 11 kabla ya mashine. Ami alidungwa usiku. Asubuhi CD34 ilisoma 31.

Nesi alipoleta karatasi, shangazi alikuwa ameshika simu mkononi. Hakupiga. Aliuliza kwanza, "Hiyo ni ya chembe nyeupe au ya CD?"