Namba 22 haivaliwi tena: timu ya chuo inavyomlilia mwenzao

Ndugu zangu wa Tanga wakiona klipu za mechi za vyuo vya Marekani huwa wananitumia swali lile lile, hivi kwa nini hawa vijana wote wana stika yenye namba ileile kwenye helmeti, na mbona kuna jezi imebebwa mkononi na haina mwenyewe? Nawajibu kwa voisi noti wanaridhika, lakini leo acha niandike vizuri maana hili ni jambo ninaloishi nalo. Nipo chumba cha vifaa cha timu ya chuo, futiboli ya Kimarekani, ile ya mpira wa umbo la yai, mwaka wa kumi na moja huu. Helmeti, jezi, pedi za mabega, gloves, viatu, kila anachovaa mchezaji kinapita mikononi mwangu kwanza. Na mchezaji akifariki vitu vyake vinarudi kwangu pia.

Nianze na timu ya Chuo Kikuu cha Utah, mwaka 2021, kwa sababu hakuna timu ninayoifikiria mara nyingi kama ile. Kulikuwa na vijana wawili waliocheza pamoja sekondari kule Mesquite, Texas, marafiki wa kufa na kuzikana. Ty Jordan alikuwa mkimbiza mpira, alivaa namba 22, na msimu wa 2020 uliokatwakatwa na korona timu ilicheza mechi tano tu lakini dogo akachaguliwa mchezaji mpya bora wa ushambuliaji wa ligi yao ya Pac-12. Siku ya Krismasi mwaka huo akafariki kwa ajali ya bunduki, ana miaka 19. Chuo kikaanzisha skolashipu kwa jina lake, na wa kwanza kuipata, Agosti 2021, akawa rafiki yake Aaron Lowe, mlinzi wa pembeni. Lowe alikuwa anavaa namba 2. Akaiacha akachukua 22 ya mwenzake ili aendelee kuibeba uwanjani.

Mwezi mmoja tu. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Septemba 2021, masaa machache baada ya Utah kuifunga Washington State, Lowe akapigwa risasi kwenye sherehe ya nyumbani pale Salt Lake City, akafa. Miaka 21.

Sasa fikiria wewe ndo mtu wa vifaa wa timu ile. Jezi ileile, namba ileile, unaikunja mara ya pili ndani ya miezi tisa. Mimi sikuwepo Utah lakini nilipoiona habari ile nilikaa chini kwenye stoo yetu nikashindwa kufanya kazi.

Walichofanya ndicho ninachotaka kukieleza, kwa sababu kwa nje kinaonekana ni mapambo tu. Kwetu mtu akifa kuna ratiba, kuna matanga, kuna siku ya tatu, kuna hitma, kuna arobaini, kila mtu anajua leo nakoroga uji, kesho nakaa mlangoni kupokea wageni, na ipo siku ya kuanua tanga watu warudi kwenye shughuli zao. Kijana wa miaka 19 aliye mbali na kwao, analala bweni, hana hivyo vitu. Ana mazoezi saa kumi na ana mechi Jumamosi. Kwa hiyo msiba inabidi uingizwe ndani ya ratiba ya mpira, upewe saa yake, sehemu yake na mtu wa kuushughulikia, vinginevyo kila mmoja anaubeba peke yake na unamuozea ndani.

Utah walikuwa na wiki ya mapumziko mara tu baada ya kifo, kisha Oktoba 9 wakaenda Los Angeles wakaifunga USC 42 kwa 26, na Utah walikuwa hawajashinda kwenye uwanja wa USC tangu 1916. Timu ikasafiri Texas kumzika mwenzao. Kocha Kyle Whittingham akawapa kauli ya kuishi nayo, kila mtu awe bora kwa asilimia 22, darasani, mazoezini, kwa mama yake, popote. Mtu wa hesabu atakwambia haipimiki hiyo, sawa, lakini inasemeka, na kijana aliyebanwa na kilio anahitaji neno moja la kushika.

Nyumbani kwao, uwanja wa Rice-Eccles, kati ya robo ya tatu na ya nne, badala ya dakika ya ukimya wakaweka dakika ya kelele. Watu maelfu wanawasha taa za simu na wanapiga kelele kwa ajili ya wale wawili. Nimeisikiliza ile sauti mara nyingi sana na bado vinyweleo vinasimama. Ukimya uwanjani huwa unakatika haraka, mtu mmoja akikohoa umeisha, na wachezaji wanabaki na vichwa chini hawajui waangalie wapi, ila kelele inamfikia hata yule aliyejificha ndani ya helmeti analia. Na muda waliouchagua ni wa mtu anayeujua mchezo, kwa sababu mwanzo wa robo ya nne ndipo miguu inapoisha.

Oktoba 30, mechi na UCLA, namba 22 ikastaafishwa rasmi. Hapa niwaeleze kitu ambacho watu wa soka hawakijui. Kwenye futiboli ya chuo namba ni 0 hadi 99, basi, na timu nyingi zina wachezaji zaidi ya mia, kwa hiyo wawili wanaweza kupewa namba ileile ilimradi wasiwe uwanjani kwa wakati mmoja. Namba hazitoshi. Kila ukistaafisha moja unajinyima milele, ndo maana vyuo vingi huwa vinasita. Ukiona timu imekubali hiyo hasara ujue wamemaanisha. Msimu ule Utah wakachukua ubingwa wa Pac-12 kwa kuifunga Oregon 38 kwa 10, wakaingia Rose Bowl, mechi kubwa ya kufunga msimu, mara ya kwanza katika historia yao, wakafungwa na Ohio State 48 kwa 45, na mimi nawahesabia ushindi.

Sasa yetu. Miaka kadhaa nyuma tulimpoteza kijana, aligongwa na gari la mlevi wakati wa likizo. Chuo chetu sitakitaja. Siku ya pili tu nikaagizwa nisafishe kabati lake kwa sababu kuna vijana wa kusajiliwa wanakuja kutembezwa na chumba kisionekane cha huzuni. Nikafanya. Nikatoa viatu, picha ya dada yake, pakiti ya biskuti, nikaweka kwenye boksi, na jioni wenzake walipoingia wakakuta pengo limefutwafutwa na dawa yenye harufu ya limau, mmoja akapiga ngumi ule mlango wa kabati mpaka mkono ukavimba. Nilikosea kutii, nasema wazi. Siku hizi likitokea nasimama mlangoni na nasema arobaini, kabati haliguswi siku arobaini, na ajabu ni kwamba Wamarekani wakishaelezwa wanaielewa kabisa.

Stika nayo ina kazi yake. Usiku wa kabla ya mechi tunafuta helmeti zote, tunabandua stika zilizochubuka, tunabandika mpya, na ile ya marehemu huwa siibandiki mimi. Naacha meza wazi, wachezaji wanakuja wenyewe wawili watatu kila mmoja anabandika ya kwake, na mazungumzo yanayotokea pale mezani, jamani, hakuna mshauri nasaha anayeweza kuyalazimisha. Wanaongea kuhusu marehemu alivyokuwa anakoroma kwenye basi.

UConn, yaani Chuo Kikuu cha Connecticut, walifanya kwa jezi. Oktoba 2009 mlinzi wao Jasper Howard alichomwa kisu chuoni, masaa machache baada ya kucheza na kushinda, akafa. Jezi yake namba 6 wenzake wakawa wanaingia nayo uwanjani. Mechi iliyofuata, ugenini West Virginia, walifungwa kwa pointi nne. Hawakushinda tena hadi mwezi uliofuata, walipoifunga Notre Dame kwenye uwanja wake 33 kwa 30 kwenye muda wa nyongeza wa pili. Nasema hivi kwa sababu watu hupenda kudhani ukimuenzi mtu utashinda kesho yake.

Na Virginia, Novemba 2022, wachezaji watatu waliuawa kwenye basi wakirudi kutoka safari ya darasa, Lavel Davis Jr., Devin Chandler na D'Sean Perry. Timu haikucheza mechi mbili zilizobaki, na naona ilikuwa sahihi, kuna msiba ambao hauingii kwenye ratiba yoyote. Mike Hollins alijeruhiwa kwenye basi lile, akapona, na Septemba 2023 kwenye mechi ya kwanza ya nyumbani akabeba mpira akafunga tachidauni. Virginia wakapoteza kwa pointi moja.

Kuna heshima nyingine zinachelewa mno. Jack Trice, mchezaji wa kwanza mweusi wa Iowa State, aliumizwa kwenye mechi na Minnesota Oktoba 1923 na kufa siku mbili baadaye. Chuo chake hakikucheza tena na Minnesota hadi 1989, na uwanja ulikuja kupewa jina lake 1997. Miaka 74.

Kwetu helmeti ya yule kijana iko rafu ya juu, kushoto, haijapakwa rangi wala kung'arishwa. Kila Agosti tunapogawa namba lazima dogo mmoja mgeni aiombe namba yake, na simkatalii kwa mdomo, napanda ngazi naishusha namkabidhi. Anaigeuza, anapitisha kidole kwenye mikwaruzo, anauliza alikuwa nani, namsimulia, pamoja na kukoroma. Mwaka huu alikuwa mlinzi kutoka Ohio. Aliishika muda mrefu, akanirudishia kwa mikono miwili, akasema basi nipe 31.