Miti mikavu ya Kuwohi haikuungua

Watu wanaopita mlima Kuwohi kwa miguu huuliza moto uliwaka mwaka gani. Hawakosei kuuliza. Vigogo vya kijivu, visivyo na gome wala tawi la maana, vimesimama wima katikati ya msitu wa kijani. Lakini hapa hapakuungua. Aliyeviua ni mdudu ambaye bila kioo cha kukuzia humwoni vizuri.

Kuwohi, mita 2,025, uko mpakani mwa Tennessee na Carolina Kaskazini, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Great Smoky Mountains, Marekani. Ramani nyingi bado zinauita Clingmans Dome. Jina la Wacherokee, wenyeji wa asili wa milima hii, lilirudishwa rasmi mwaka 2024. Njia ya Appalachian, njia ya watembea kwa miguu inayotoka Georgia hadi Maine kwa takriban kilomita 3,500, haina mahali palipo juu kuliko hapa.

Ukianzia bondeni unatembea chini ya miti inayopukutisha majani. Ukikaribia mita 1,700, miti hiyo inaachia nafasi jamaa wa misonobari: msprusi mwekundu na mfiri wa Fraser. Ungedhani umeingia Kanada. Katika zama za barafu, barafu yenyewe haikufika kusini hivi, lakini baridi ilifika, na miti ya kaskazini ikashuka nayo. Joto liliporudi, iliyobaki huku ilikimbilia vileleni. Mfiri wa Fraser hauoti porini popote duniani ila kwenye vilele vichache vya milima ya Appalachian ya kusini. (Mashambani ni habari nyingine: Wamarekani huupanda kwa wingi kwa ajili ya Krismasi.)

Sasa yule mdudu. Ni adeljidi, wa ukoo ulio karibu na vidukari, aliyeletwa kutoka Ulaya bila kukusudiwa. Katika milima hii alionekana miaka ya 1960. Huku wote ni majike na hutaga bila dume, kwa hiyo mmoja anayepeperushwa na upepo anatosha kuanzisha kundi. Hudunga gome na kufyonza, na mate yake huufanya mti utengeneze mbao ngumu isiyopitisha maji. Mti unakufa kwa kiu, tena kwenye kilele kinachopata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka!

Gome la mti mchanga ni laini, halina nyufa za kumhifadhi mdudu. Kwa hiyo miche hunusurika, hukua, mingi huwahi kuzaa mbegu, kisha gome likishapasuka zamu yake hufika. Ndiyo maana chini ya vigogo vikavu kuna vichaka vizito vya mifiri michanga. Wapo wanaoviona na kusema msitu umepona. Mimi siafiki: msitu usio na wazee ni msitu ulio mashakani, na hali ya hewa ikizidi kupata joto, juu ya kilele hakuna pengine pa kukimbilia.

Kwa mtembeaji: usipumzike chini ya vigogo hivyo upepo ukivuma, huanguka bila onyo. Na ukitaka kumwona mhusika, tafuta madoa meupe kama sufi kwenye shina la mfiri mkubwa. Usiuchanganye na msprusi, ambao mdudu huyu haugusi: koni za mfiri husimama juu ya tawi, za msprusi huning'inia, na majani ya msprusi huchoma ukiyashika.